Mnatembea kwa Kosa Gani?

Ukoo wetu una vyama vitatu. Cha kwanza kinaongozwa na shemeji, mume wa dada yangu, anayeamini kwamba Mungu alimpa binadamu miguu ili akanyage klachi. Cha pili ni cha binamu yangu, aliyejinunulia baiskeli ya gia ishirini na moja pamoja na nguo zake za kubana, na tangu siku hiyo hawezi kumaliza sentensi bila kutaja magoti yake. Cha tatu ni cha dada mwenyewe. Daktari alimshauri atembee kidogo jioni. Yeye ushauri ule ameugeuza dini, na sasa anatafuta waumini. Mimi sina chama, na asiye na chama katika ukoo huu hupewa kazi ya kushika vitu: chupa za maji, helmeti, biskuti, na malalamiko ya kila upande.

Desemba ilipoingia na Dar es Salaam ikaanza kutuchemsha bila sufuria, vyama vyote vitatu vilikaa kikao kimoja na kukubaliana twende Usambara. Hoja ilikuwa kwamba milima ile ina riziki ya kila mtu. Shemeji angepata kona zake, binamu angepata miteremko yake, na dada angepata njia zake za msituni. Tukaunda serikali ya mseto. Serikali za mseto tunazijua: kila mtu ana wizara, hakuna mwenye pesa ya mafuta.

Kutoka Chalinze hadi Segera, Segera hadi Korogwe, Korogwe hadi Mombo, serikali ilitulia. Barabara ni nzuri, milima bado iko mbali, na shemeji alikuwa akituhutubia kuhusu injini za zamani ambazo, kwa maelezo yake, zilitengenezwa na watu waliokuwa wakimwogopa Mungu. Baiskeli ya binamu ilikuwa juu ya paa, imefungwa kwa vipande vya tyubu, na kila basi la Arusha lilipotupita kwa kasi binamu alichungulia dirishani kuangalia kama mali yake ingalipo.

Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, ikautazama mlima, kisha ikaendelea zake huko huko bondeni hadi Moshi. Treni ina akili. Shemeji akaingiza gia namba mbili.

Kati ya Mombo na Lushoto kuna kilomita zipatazo 33, na Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Barabara ni nyembamba, mkono mmoja mwamba, mkono wa pili hewa tupu. Kila kona ina kona nyingine iliyojificha nyuma yake, na nyuma ya hiyo kuna lori la kabichi linashuka huku likipiga honi. Malori yale yanalisha masoko ya Dar es Salaam, kwa hiyo madereva wake wanaamini, na huenda ni kweli, kwamba taifa zima linawasubiri. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Walisahau kutaja kwamba binadamu hao watakutana kwenye kona, na kwamba mmoja wao atalazimika kurudi nyuma.

Aliyerudi nyuma ni sisi. Tulipotaka kwenda mbele tena, gari lilikuwa limeshaamua vinginevyo. Mshale wa joto ulikuwa umelala upande mwekundu, na moshi mweupe ulichungulia kwenye boneti.

"Limechemka," alisema binamu, kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

"Halijachemka," alisema shemeji. "Tunalipumzisha."

Tukalipumzisha kwenye kona. Akauliza nani ana maji. Mimi ndiye mshika vitu, nikatoa nilichokuwa nacho: maji ya binamu ya wanamichezo, ya bei mbaya, yenye chumvi maalumu na ladha ya chungwa. Binamu alipinga. Shemeji alisema rejeta nayo inafanya mazoezi. Baada ya kusubiri ipoe, ikanywa chupa nzima, na mlima wote ukanukia juisi.

Ndipo akatokea utingo mmoja wa lori lililokuwa likipanda nyuma yetu. Alishuka kabla lori halijasimama sawasawa, akasukumia jiwe nyuma ya tairi letu, akalipigapiga kwa kisigino, kisha akatutazama tulivyojipanga na nguo zetu za safari. Katika milima utingo ndiye profesa. Dereva anajua kwenda mbele. Utingo anajua namna ya kutorudi nyuma, na huo ndio ujuzi unaohitajika zaidi. Alitupanga: huyu kulia, huyu kushoto, mama yule katikati, moja, mbili, tatu. Dada alisukuma kwa moyo wote na kutangaza kwamba hatua zake zinahesabika kwenye agizo la daktari. Binamu alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili akiwa ameshikilia baiskeli isidondoke.

Tulifika Soni kwa mwendo wa harusi. Maporomoko ya maji pale yako kando ya barabara, na kwa kawaida wasafiri husimama kupiga picha. Sisi tulisimama kuchota. Watoto walikuja na ndoo za mafyulisi, wakalitazama gari, wakataja bei, wakalitazama tena, wakaipandisha. Mwenye gari linalofuka moshi hana uwezo wa kupatana. Tulinunua ndoo mbili, na tangu hapo gari likawa zito zaidi.

Lushoto ilitupokea kwa baridi. Wajerumani waliupenda mji huu wakauita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, na usiku wa kwanza unaelewa sababu: ulikuwa unawakumbusha mateso ya kwao. Watu wa Dar tunajua baridi ya soda tu. Shemeji alilala na soksi mikononi. Binamu aligundua kwamba nguo za kubana hazina joto lolote, zinabana tu.

Asubuhi ilikuwa zamu ya chama cha miguu. Dada alitangaza kwamba tunakwenda Irente, kwenye ukingo wa mlima, na kwamba gari litabaki. Shemeji aliliaga akiligusa boneti. Njia inapita kwenye mashamba ya mahindi na migomba, inateremka, inapanda, inateremka tena kwa makusudi ya kukuudhi. Dada alikuwa mbele na fimbo mbili za chuma za kutembelea. Mimi nilikuwa nyuma na vitu.

Katikati ya mlima tukakutana na bibi mmoja, mzigo wa kuni kichwani, kandambili miguuni, anapanda huku akipiga soga na mwenzake aliyekuwa bonde la pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Poleni. Gari limewaharibikia?"

"Hapana, bibi," dada alimjibu. "Gari zima, tumeliacha mjini."

"Bodaboda hazikuwepo?"

"Zilikuwepo."

Bibi akamgeukia binamu, ambaye hakubali kuivua helmeti hata akiwa anatembea. "Na huyu ana kofia ya pikipiki."

"Ya baiskeli, bibi," alisema binamu.

"Kumbe na baiskeli mnayo?"

"Tunayo."

Bibi akanyamaza akitupima. Kuni hazikutikisika. "Sasa, wajukuu zangu, gari mnalo, baiskeli mnayo, bodaboda zipo. Mnatembea kwa kosa gani?"

Dada akaeleza kwamba ni kwa ajili ya afya.

"Mnaumwa?"

"Hatuumwi."

"Mungu awasaidie," alisema bibi, akatupita. Alitupita akipanda, na mzigo, na soga yake na mwenzake wa bonde la pili ikaendelea palepale ilipokatikia. Nadhani mada ilikuwa imebadilika ikawa sisi.

Swali lile halikunitoka kichwani, kwa sababu katika milima hiyohiyo kuna mtu aliyewahi kuja kwa miguu na akapokelewa vizuri. Abdallah bin Hemedi, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, anamsimulia Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu, aliyeingia Usambara na mbwa wake na mikuki yake, akawagawia watu nyama, na mwishowe Washambaa wakampa ufalme akakaa Vuga, si mbali na pale Soni gari letu lilipokunywa maji. Mbegha alikuja na nyama. Sisi tulikuja na biskuti, na tulizimaliza wenyewe kabla hatujafika Korogwe. Kati ya kupewa ufalme na kuulizwa kosa, tofauti ni kitoweo.

Irente tulifika. Unasimama juu ya jabali, na ardhi inaisha. Chini kabisa, mita mia kadhaa, unaona tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, na ile barabara kuu tuliyokuja nayo, mabasi yakitambaa juu yake. Hata shemeji alinyamaza. Kisha akasema, "Yale mabasi hayajachemka hata moja," na uzuri wa mahali ukaisha. Tulikula mkate na jibini la shamba la Irente. Wakati wa kurudi, dada alipapasa goti, akatazama kilima kilichobaki, na alipoona bodaboda inakuja akaisimamisha. Alisema anataka kuzungumza na kijana yule kuhusu hali ya uchumi vijijini. Walizungumza hadi Lushoto. Fimbo zake alinikabidhi mimi.

Zamu ya baiskeli ilianzia Magamba, juu ya mji, kwenye msitu wa hifadhi. Binamu alitoa sharti moja: gari litangulie mbali, lisionekane kwenye picha zake. Tukatangulia. Lami ilipotuaga, mvua ikaanza, na udongo mwekundu wa Usambara ni wa aina yake. Unashika tairi, unapanda hadi kwenye breki, unaingia kwenye mnyororo, na mwisho baiskeli ya gia ishirini na moja inabaki haina hata moja. Kwa simulizi yake mwenyewe, binamu aliendesha, kisha akasukuma, kisha akabeba begani. Mbega weusi kwa weupe walimtazama kutoka mitini, wakiwa na makoti ya manyoya yanayoshinda yake kwa kila kitu. Aliposimama kupumua, kinyonga mmoja mwenye pembe alipanda kwenye usukani, akavuka polepole kutoka mshikio huu hadi ule, akashuka, akaendelea na safari zake. Binamu hakukana kwamba siku ile kinyonga ndiye aliyeitumia baiskeli kwa umbali mrefu zaidi bila kusimama.

Sisi tulikuwa mbele, tumezama. Gari lililala ubavu kwenye mfereji, tairi la nyuma likizunguka na kutupaka wote rangi moja. Vijana wa kijiji cha jirani walikusanyika. Katika milima ile kazi ya kusukuma gari ina bei yake, nayo ni ya haki. Ushauri ni wa bure, na tulipewa kwa wingi. Mmoja alisema turudi nyuma, mmoja twende mbele, mzee mmoja akauliza kwa nini tulikuja Desemba.

Wakati ule ndipo binamu alipowasili. Alikaa nyuma ya bodaboda, baiskeli begani, helmeti kichwani, tope kuanzia kope hadi soksi. Aliyekuwa akiendesha pikipiki ndiye pekee kati yao asiye na helmeti, na ndiye pekee aliyekuwa msafi. Binamu alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mti, akaja bila neno akaweka bega lake kando ya bega la shemeji. Moja, mbili, tatu. Sijawahi kuona vyama viwili vikishirikiana namna ile hata wakati wa kugawana urithi.

Siku ya kuondoka, kila chama kilidai heshima yake. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na kutoka Lushoto hadi Mombo ngoma ni moja tu: breki. Binamu, baiskeli imeoshwa, mnyororo umetiwa mafuta, aliteremka peke yake na lazima tukiri kwamba aliteremka kwa utukufu. Shemeji alishuka kwa gia namba moja akihubiri kwamba haraka haraka haina baraka, huku harufu ya breki ikiingia ndani ya gari na kuketi kati yetu. Kila mita mia tulivua nguo moja. Tulipofika Mombo binamu alikuwa amekaa kivulini, amekwisha kula chipsi mayai zake na ameagiza zetu, na zetu nazo amekwisha kuzianza.

Nikipiga hesabu ya safari ile naona jambo moja tu: kila tulichokwenda nacho ili kitubebe, tulikibeba sisi. Gari lilisukumwa, baiskeli ilipandishwa bega, miguu ya dada ikapakiwa kwenye pikipiki. Lakini picha hazisemi hivyo. Kwenye kundi la simu la ukoo shemeji ameonekana ameegemea gari pale Soni, na ule moshi unadhaniwa ni ukungu. Binamu ameonekana katikati ya msitu, shujaa wa tope. Dada amesimama Irente na fimbo zake. Pongezi zimefurika, na kila chama kimepata wanachama wapya.

Jirani yetu mmoja alipoziona picha akaomba twende naye mara nyingine. Alijieleza kwa unyenyekevu: hajui kuendesha gari, baiskeli hajapanda tangu utotoni, na kutembea hakupendi. Shemeji alimtazama, akazunguka nyuma yake, akampima mabega kwa macho. Kisha akamwambia karibu sana, nafasi ipo, na nauli halipi.