Usimwambie, Ana Mtihani

Tangi la maji lilianguka usiku wa mvua za vuli, mwishoni mwa Novemba, likatua katika chumba kisichokuwa na mtu. Hilo ndilo la kwanza tulilomshukuru Mungu. Chumba ni cha mdogo wetu, kitinda mimba, anayesomea uhandisi mjini Pune, India, na kilikuwa kikimngoja aje kula Krismasi nyumbani Frere Town, Mombasa, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Mama alikuwa amekigeuza ghala la sikukuu. Gunia la mchele lilikuwa humo, na unga wa ngano wa mahamri, na mapazia mapya ambayo hayajatolewa karatasini. Tangi la lita 1000 likijaa lina uzito wa tani nzima. Lilivunja mabati, likashuka na dari, na maji yote yakaishia juu ya unga. Tulipofungua mlango, uji mweupe ulikuwa umefika kizingitini, na tangi lenyewe limekaa kitandani kama mgeni aliyewahi kufika.

Asiyekaa huku kwetu anaweza kuuliza kwa nini tubebe tani ya maji juu ya vichwa vyetu. Maji ya bomba upande huu yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na hayaji kila siku. Yakija, aghalabu huja usiku, na kila mwenye chombo anaamka kujaza. Visima vingi vina maji ya chumvi, mazuri kwa kupiga deki lakini chai hayapikiki. Siku za ukavu wenye mikokoteni hupita na mitungi ya lita 20, na bei hupanda kadiri mifereji inavyokauka. Basi tangi ni lazima, na ili maji yateremke yenyewe jikoni ni lazima likae juu. Jukwaa letu lilikuwa la mbao. Mchwa walizila mbao kwa ndani na hewa ya chumvi ikaila misumari, na kwa nje rangi ilikuwa bado nzuri.

Baba alisimama mlangoni na tochi, akatazama kitanda cha mwanawe, akasema neno moja tu: "Asiambiwe." Kijana alikuwa katika majuma yake ya mwisho ya muhula, mitihani imemkabili. Mama akaunga mkono. Shangazi, aliyekuwa ametoka Rabai kuja kusaidia maandalizi, naye akaapa hatafungua mdomo. Kuanzia usiku ule nyumba nzima ikawa na kazi mbili: kukausha mchele, na kuficha.

Kuficha ndiko kulikotuchosha zaidi. Kijana hupiga simu ya video saa mbili usiku kwetu, ambayo kwake ni saa nne na nusu. Sebule ilikuwa imejaa magodoro yaliyolowa, na fundi alikuwa ameegemeza mabati ya zamani kwenye ukuta wa kulia chakula. Mama akawa anaongea naye akiwa uani, gizani, akisingizia joto. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye tumepeana naye sahani za Idi na za Krismasi tangu mimi sijazaliwa, alipoona hali ile akasema, "Njooni mpigie kwangu. Sebule si ipo?" Tukaenda. Mama akajitanda leso, akakaa kitako, akatabasamu. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, mbona uko kwa jirani?" Alikuwa ameiona saa ya ukutani yenye picha ya Makka. Chini ya saa ile alifundishwa hesabu za kugawanya na mtoto mkubwa wa nyumba ile. Mama akasema amekuja kujulia hali. Cha ajabu, kijana hakuchimba zaidi. Simu yake mwenyewe ilikuwa imeelekezwa darini, naye akisema mtandao ni mbaya.

Siku chache baadaye ikaingia simu ya rafikiye wanayekaa naye, kijana wa Tanga. "Shikamoo, mama. Nimekupigia kukutoa wasiwasi tu. Chembe zake za damu zimeanza kupanda, daktari anasema keshokutwa anaweza kutoka." Mama alikaa chini pale pale sakafuni. Mtoto alikuwa amelazwa kwa homa ya dengi, akiwa ameifanya baadhi ya mitihani na mingine imebaki, na kila usiku alikuwa akituambia anadurusu.

Dengi tunaijua hapa Mombasa. Ilitutembelea vibaya mwaka 2013 na tena mwaka 2017. Anayeieneza ni mbu mwenye madoadoa meupe, anayeuma mchana na kuzaliana katika maji yaliyotuama kwenye madumu na matangi yasiyofunikwa vizuri. Virusi vyake havina dawa. Mgonjwa hunyweshwa maji kwa wingi, hupumzishwa, hupewa parasetamo na kukatazwa aspirini kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu. Mama yote hayo alikuwa anayafahamu, na kuyafahamu hakukumsaidia kitu usiku ule.

Hakwenda kwa jirani tena. Alipiga simu akiwa ndani ya chumba kilichobomoka, akainua simu juu kuonyesha tundu la paa na nyota. Kijana naye akashusha yake, tukaona mkono wenye plasta ya dripu na uso uliokonda. Walitazamana hivyo. Kisha kijana akasema, "Mama, nilijua kuna jambo tangu ile saa. Nilidhani ni Baba ameugua. Usiku kucha nilikuwa nawaza hilo." Baba, aliyekuwa nyuma yetu, akatoka nje.

Baba ni mtu wa kutunza habari za mahali hapa. Tangu mwanawe aende India huwa anakumbusha kwamba Frere Town na India ni jamaa wa zamani. Watoto waliokombolewa baharini kutoka majahazi ya watumwa walipelekwa Bombay, wengine wakasomeshwa katika kituo cha misheni cha Nashik, katika jimbo lile lile iliko Pune. Miongoni mwao, William Jones na Ishmael Semler walisoma huko, na mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa ushemasi hapa. Mchungaji William Salter Price, aliyewahi kukisimamia kituo cha Nashik, ndiye aliyekuja kuanzisha Frere Town baada ya mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash. Waliotoka India wakati ule kuja kukaa hapa hawakukuta chumba kinachowangoja. Walikata miti wakajenga, na kengele iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake ilikuwa ya kuwaonya watu wakivamiwa. Aliporudi ndani, Baba alisema kwamba mji uliojengwa na watu walionyang'anywa jamaa zao haufai kuwaficha jamaa habari zao. Sijamsikia akisema jambo zito kuliko hilo.

Mengine yalikwenda haraka. Jukwaa jipya ni la zege. Vijana wa kanisa la Emmanuel walibeba mabati bila kudai hata soda. Mchele mwingi ulipona kwa kuanikwa juu ya mikeka, na jirani ameleta unga. Fedha alizoweka kijana kwa zawadi zimeishia hospitalini, kwa hiyo begi lake litakuja jepesi, na Mama amemwambia alete mwili wake tu. Mitihani iliyobaki chuo kimemruhusu kuifanya akirudi Pune.

Anatoka Mumbai hadi Nairobi kwa ndege, kisha treni ya SGR mpaka Miritini, na sote tutakuwa pale kumlaki. Atalala sebuleni, maana dari bado. Nawe msomaji mwenye mtoto ng'ambo anayehesabu siku za kurudi: mpigie leo, umweleze nyumba ilivyo, na umuulize yeye yuko vipi hasa.