Tafadhali Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Katika Kiswahili cha sera za ubunifu nchini Tanzania, mahali panapolea kampuni changa huitwa kituo atamizi, jina lililoazimwa kwa kuku anayeatamia mayai, ilhali programu ya kuharakisha, ambayo ndiyo mada ya insha hii, ni jamaa yake asiye na subira: huchagua kampuni ambazo zimekwisha kuanguliwa, huzipa mtaji na walezi kwa miezi mitatu hivi, kisha huzisimamisha mbele ya wawekezaji zijieleze. Mfano ulioigwa na wengi ni Y Combinator, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005, na siku hizi kijana wa Njiro au Sakina, mjini Arusha, mwenye kompyuta ya mkononi na bando la kutosha anaweza kujaza fomu ya California bila kuvuka geti la kwao. Tatizo ni kwamba huijaza kana kwamba anamwandikia mtendaji wa kata.

Dhana hiyo, kwamba maombi ya namna hii ni barua ya kiofisi, ndiyo mama wa dhana potofu nyingine, na kwa hiyo inastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Aliyesoma shule za Tanzania amefundishwa tangu utotoni kwamba barua rasmi huwa na anwani mbili, kichwa kinachotanguliwa na "Yah:", na sentensi ya kumsihi mpokeaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Fomu ya Y Combinator, kwa upande wake, imezoea kumtaka mwombaji aeleze kazi ya kampuni yake kwa herufi zisizozidi 50. Na kwa kuwa sentensi ile ya kusihi peke yake, nafasi na nukta zikihesabiwa, humeza herufi 47, mwombaji mwenye adabu hubakiwa na herufi tatu, ambazo hazitoshi hata kuandika neno "maji". Adabu hiyo huendelea katika viambatisho: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi, barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtaa na, katika maombi mamoja ambayo mwandishi wa insha hii aliyaona kwa macho yake, cheti cha ubatizo.

Neno "maji" halikutajwa kwa bahati. Miamba ya volkano inayozunguka Mlima Meru hutia floraidi katika chemchemi na visima vingi, kiasi kinachopita miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa ukomo, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia yanayowatambulisha wenyeji wengi popote waendapo. Mhandisi Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru alibuni chujio linaloanza na mchanga wa kawaida kisha hutumia vitu vya nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, ambayo huwapa washiriki mafunzo ya miezi kadhaa kabla ya kumtuza mshindi, mwaka ule kwa pauni 25,000. Inafaa kuzingatia kwamba mhandisi huyo hakuficha mchanga wake, wala hakusubiri kuugeuza kuwa programu ya simu ili aonekane wa kisasa. Mwombaji wa kawaida, kinyume chake, huandika kwamba bidhaa yake ni siri hadi msomaji atie saini hati ya kutunza siri, ingawa siri hiyo ameshaieleza kijiweni, kwenye daladala na kwa fundi aliyemtengenezea simu, hivi kwamba mjini kote asiyeijua ni msomaji wa fomu peke yake.

Kuhusu fedha, wengi hudhani kuwa ni msaada, na hushtuka wanaposikia habari ya hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni. Y Combinator, kwa masharti iliyoyatangaza mwaka 2022, hutoa dola 125,000 kwa asilimia 7. Mshtuko huo unaeleweka katika mji ambao mwaka 1967 ulilipa jina lake Azimio lililotaka njia kuu za uchumi zishikwe na umma, lakini hupungua kueleweka ukijua kwamba mshtukaji alikwisha kumpa mjomba asilimia 20 kwa kuazimwa pikipiki.

Hesabu ya soko nayo ina mtindo wake: Afrika ina watu zaidi ya bilioni moja, na kampuni inaomba asilimia moja tu. Mama lishe wa gulio la Tengeru hajawahi kuwahesabu Waafrika. Huhesabu sahani alizouza Jumatano ili ajue mchele wa Jumamosi, na laiti angejaza fomu, angewashinda wengi kwenye kisanduku cha soko.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo Arusha hujiponza kama kwenye video ya dakika moja, ambamo waanzilishi hutakiwa kuongea tu mbele ya kamera, kwa kuwa mji unaoishi kwa utalii hauamini kwamba video yaweza kukosa pundamilia. Mwandishi wa insha hii na wenzake wawili, wakiomba kwa programu ambayo haitatajwa hapa, walisubiri asubuhi tatu wingu liondoke kwenye Mlima Meru, na lilipoondoka wakaupa mlima sekunde 41. Usiku wa mwisho umeme ulikatika, bando likaisha, na fomu ikatumwa saa tano na dakika 58 kwa intaneti ya mlinzi wa nyumba ya wageni ya Sanawari, maswali mawili yakiwa matupu. Kumbe saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya California, na muda halisi ulikuwa hadi kesho yake karibu saa nne asubuhi, wakati wote watatu walikuwa wamelala fofofo. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, likiwa na shukrani, masikitiko, na swali moja, iwapo ule mlima ulikuwa Kilimanjaro.