Mhadhara wa Kitaalamu Kuhusu Sayansi ya Kumhamisha Mpangaji wa Chumba Namba 4

Mheshimiwa mwenyekiti, wenye ploti wenzangu wa Kamakwa, Ruring'u, King'ong'o na Skuta, wageni wetu wa Karatina, Othaya na Nanyuki mliodamka na matatu ya kwanza, itifaki imezingatiwa. Mama wa jikoni, supu ya mbuzi isubiri kidogo. Leo tunaanza na kichwa, tumbo litafuata.

Mimi mnayeniona hapa ndiye bingwa wa sayansi ya kuhamisha wapangaji katika eneo zima la Mlima Kenya. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa Nyeri, na ningeweza kujiandikisha, ila nilihofia kuwaaibisha maprofesa mbele ya wanafunzi wao. Nilijitunuku mwenyewe, sebuleni kwangu, mbele ya mke wangu, ambaye alipiga makofi mara moja. Yeye hudai alikuwa anaua nzi.

Utafiti wangu umechukua miezi 19. Maabara ni ploti yangu ya vyumba 10 kule Kamakwa: kuta za mawe, paa la mabati, mfereji mmoja uani, vyoo viwili, na mkopo wa sako ambao haujawahi kuchelewa kunikumbuka. Kila chumba ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na siku ya kulipa ni tarehe 5. Vyumba tisa hulipa. Chumba namba 4 ndicho somo letu.

Tuanze na uainishaji, maana sayansi bila uainishaji ni porojo.

Yupo Mpangaji wa Alhamisi. Ukimdai Jumatatu atasema Alhamisi. Ukimdai Alhamisi atashangaa kwamba umekuja leo, wakati alisema Alhamisi. Yupo Mpangaji wa Matanga, ambaye amezika shangazi mmoja mara nne, na mara mbili kati ya hizo wewe mwenyewe ulichanga. Wa tatu ni Mpangaji wa Bonasi, na huyu ni wa kwetu kabisa, hutampata Mombasa. Atakuambia umngoje hadi Oktoba, bonasi ya majani chai itakapotoka. Utangoja kwa imani, kwa sababu jirani zako wa Othaya nao wanangoja. Oktoba ikifika ndipo utakapouliza swali ulilopaswa kuuliza Januari: kijana, shamba lako la chai liko wapi? Naye atakujibu kwa upole, "Mzee, mimi sina shamba. Nilisema bonasi itatoka. Si imetoka?"

Namba 4 ni wa aina zote tatu. Ni kijana mtaratibu, hanywi, hapigi kelele, na kila asubuhi hunisalimu kwa heshima kuliko watoto wangu. Diposi sikumtoza, maana alipokuja ilikuwa inanyesha. Mkataba hatukuandika, maana alikuwa na uso wa mtu wa kanisa. Wenzangu, andikeni hilo pembeni: uso si mkataba.

Sasa nije kwenye majaribio.

Jaribio la kwanza lilitokana na wahenga. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikampa jembe, jembe halisi, nikalisimamisha mlangoni pake ili aelewe fumbo. Wahenga wetu walikuwa na hekima nyingi, lakini ni wazi hawakuwahi kupangisha vyumba. Kijana alilichukua, akalima kipande kile nyuma ya choo, akapanda sukuma wiki. Sasa mke wangu hununua mboga kwake. Taslimu.

Jaribio la pili nililifanya Julai, mwezi ambao baridi ya Nyeri humfanya hata mbwa asitake kubweka. Mbinu hii mnaijua, msijifanye watakatifu: unang'oa mlango. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi na fundi na spana mbili. Mlango ni wa chuma, mzito kama dhambi. Bawaba ya juu ilitoka. Ya chini ikakwama kutu. Tukiwa tunahangaika, namba 4 akatokea na blanketi mabegani, akashika upande wa pili, akasema, "Mzee, inua na miguu, usiumie mgongo." Tukautoa pamoja. Kisha akatupikia chai, nasi tukainywa tukiwa tumesimama uani, watu watatu na mlango mmoja, hakuna aliyejua aseme nini.

Kufikia saa nne nilikuwa mbele ya chifu. Kufikia jioni mlango ulikuwa umerudi mahali pake, na bawaba mpya. Fundi alinitoza 800 kuutoa na 1,000 kuurudisha, kwa sababu, alieleza, kurudisha kunahitaji akili zaidi.

Ni pale kwa chifu ndipo kijana alipofungua faili la plastiki akanisomea sheria. Ninawapa bure elimu iliyonigharimu. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ya tangu 1959, kabla hata ya bendera yetu kupanda. Sheria hiyo inalinda nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kumtoa mpangaji wa nyumba kama hiyo bila amri ya Baraza la Kodi ni kosa. Hata kumsumbua tu kwa makusudi ili ahame mwenyewe ni kosa. Kumbe mimi niliyekwenda kwa chifu kama mdai nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mshtakiwa.

Shilingi 2,500 niliichagua mwenyewe, tena kwa sababu haisumbui chenji. Nikamwambia chifu kwamba ningelijua ningeandika 2,600. Kijana akafunga faili lake taratibu. "Hata hivyo, mzee, ungelazimika kwenda kortini. Mlango ni wa hakimu, si wa spana."

Jaribio la tatu: dalali. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi ipo, Sura ya 293, na inataka dalali mwenye leseni, si shemeji yako mwenye pikapu. Nilimpata mwenye leseni. Akaniuliza kibali cha Baraza kiko wapi, maana kwa nyumba kama zangu hakamati hata kijiko bila kibali. Nikamsihi angalau aje atazame. Akaja, akatazama. Ndani mlikuwa na godoro, blanketi mbili, nguo msumarini, jiko na sufuria. Akanieleza kwamba nguo na matandiko ambayo mtu anayahitaji hayaguswi. Tukabaki na jiko na sufuria. Akanitoza nauli ya kuja kutazama sufuria.

Msidhani wenye maduka mmepona. Dada yangu ana vibanda viwili karibu na soko la Karatina. Alimwambia kinyozi kwa mdomo ahame mwisho wa mwezi, tena alimwambia kwa sauti ambayo soko zima lilisikia, na mjue soko la Karatina si dogo. Kumbe maduka nayo yana sheria yao, Sura ya 301 ya mwaka 1965. Kama hamna mkataba wa maandishi, au upo lakini hauzidi miaka mitano, notisi ni lazima iwe kwenye fomu maalumu na itoe muda usiopungua miezi miwili. Kinyozi akipeleka pingamizi lake kwenye baraza la biashara kabla ya siku hiyo kufika, anaendelea kunyoa hadi kesi isikizwe. Dada yangu amekonda. Kinyozi ameongeza kiti cha pili.

Sasa nifike kwenye hisabati, eneo ambalo ninaogopwa. Lugha yetu, kwa ujanja wake, ina neno moja kwa ile ninayoikusanya na ile ninayoilipa: kodi. Vyumba 10 kwa 2,500 ni 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. KRA hutoza asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba tangu Januari 2024, awali ilikuwa asilimia 10, kwa yeyote ambaye mapato yake ya kodi kwa mwaka yanaanzia 288,000 hadi milioni 15. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwangu hiyo ni 22,500 kwa mwaka. Nilikuwa nikilalamika hivi uani, ndipo namba 4 akaninong'oneza, akiwa anamwagilia sukuma wiki yake:

"Mzee, toa changu. Vyumba tisa ni 270,000. Umeshuka chini ya 288,000, umetoka kwenye ile asilimia 7.5. Mimi nakunyima 30,000 kwa mwaka, lakini nakuokolea 22,500. Hasara yako halisi ni 7,500. Na sijawahi kukudai ahsante."

Nilikwenda chumbani nikapiga hesabu mara tatu kwa kalamu, kisha kwa simu. Ilitoka sawa kila mara. Usiku huo sikulala.

Nikaona nimpeleke kijana akajifunze kuhama kwa mifano. Muasisi wa maskauti, Baden-Powell, alimalizia uzee wake hapa Nyeri katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, na akafariki tarehe 8 Januari 1941. Baadaye akaingia humo Jim Corbett, yule mwindaji wa simba marara na chui walaji watu wa India, naye akakaa hadi kifo chake mwaka 1955. Tazameni utaratibu huo! Mmoja akitoka, mwingine anaingia, hakuna kufuli, hakuna spana. Na kwenye kaburi la Baden-Powell pale St Peter's kuna alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti maana yake ni: nimekwenda nyumbani. Nikamsimamisha kijana mbele ya kaburi nikamwambia, "Huyu ndiye mpangaji. Amehama, na notisi ameiacha kwa maandishi, juu ya jiwe." Alitazama kwa muda mrefu. Akavua kofia.

Kesho yake nikakuta mlango wa namba 4 umechorwa kwa chaki: duara, na nukta katikati. Sikumbuki kama niliruka, ila jirani wanasema niliruka. Nikausukuma mlango nikiwa na ufagio mkononi. Kijana alikuwa ameketi kitandani anakula githeri.

"Mzee karibu," akasema. "Alama inasema nimekwenda nyumbani. Si hapa ndipo nyumbani?"

Wenzangu, nakaribia mwisho, msitazame mlango wa jikoni. Mtaalamu wa kweli hutoa mapendekezo. Andika mkataba, hata kama mvua inanyesha na mtu ana uso wa shemasi. Chukua diposi siku ile ile ya ufunguo. Toa risiti, maana bila risiti hata wewe hutaweza kuthibitisha kwamba hukulipwa. Mwezi wa kwanza ukikosa, andika barua. Wa pili ukikosa, nenda kwenye Baraza, au kortini kama kodi yako inazidi 2,500, uombe amri. Itachukua muda, ndiyo. Lakini haitachukua bawaba.

Sasa nasikia mtu pale nyuma anauliza kwa nini mimi mwenyewe sikwenda. Swali zuri, ingawa limeulizwa bila adabu. Katika miezi 19 nimekwenda kwa chifu mara tatu, kwa dalali mara moja na makaburini mara moja. Kwenye Baraza sijaenda hata siku moja. Ombi ni lazima liandikwe vizuri, na sisi wote hapa mjini huchapisha karatasi zetu kwenye duka moja karibu na mahakama. Anayechapa katika duka hilo ni namba 4. Nilisimama mlangoni mara mbili na karatasi mfukoni. Nikaona haya.

Ila mhadhara huu ilibidi nimpelekee, kwa sababu mwandiko wangu hata mimi huusoma kwa shida. Aliuchapa wote, kurasa sita, akanirekebishia nambari ya sheria mahali pawili. Nikanyoosha mkono kuchukua. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, kwa heshima ile ile ya kila asubuhi.

"Shilingi 50 kwa ukurasa, mzee. Ni 300. Hapa hatukopeshi. Mwenye duka anadaiwa kodi."

Nikalipa. Akanipa risiti.

Ninayo hapa, mwenyekiti, ipitisheni watu waione. Ina tarehe, ina kiasi, ina sahihi. Katika miaka yangu yote ya kupangisha sijawahi kuandika karatasi nzuri kama hii, na hilo ndilo kosa langu, si lake. Jumatatu nitarudi dukani nimpe lile ombi la Baraza alichape, na nitalipa kabla hajaweka mkono juu yake.

Kijana, nimekuona pale nyuma umeshika bakuli la supu. Kula ushibe. Leo ni tarehe 5.