Namna ya Kushindwa na Jino kwa Heshima

Kwanza, kubali kwamba utashindwa. Jino la kwanza la mtoto, mara nyingi moja kati ya yale mawili ya mbele chini, huchomoza akiwa na miezi 6 hivi, ingawa wapo wanaoanza na 4 na wapo wanaongoja hadi mwaka. Wewe hutalala, yeye hatalala, na jirani wa ploti hatalala. Meno ya utoto ni 20, na la mwisho huja akikaribia miaka 3. Huwezi kuharakisha hata moja. Basi achana na ushindi, tafuta njia za mkato.

Ya kwanza ni baridi, na hapa Nyeri unaipata bure. Wa Mombasa wanahitaji friji. Wewe chemsha maji usiku, yafunike vizuri, yaache karibu na dirisha. Asubuhi ya Julai, mlima ukiwa umejificha ndani ya ukungu, chovya pembe ya kitambaa safi cha pamba, kikamue, mpe atafune huku umemshika. Mtazame. Atakunja uso, atashtuka, halafu taya zitaanza kazi na kilio kitageuka mguno. Hizo ni dakika zako za kunywa chai, kwa mkono mmoja. Kama unayo pete ya mpira, itie kwenye friji, si kwenye friza. Ikiwa jiwe la barafu itamuumiza ufizi.

Saa nane usiku, tumia kidole. Nawa kwa sabuni, kisha sugua ufizi taratibu mpaka uhisi kitu kama punje ya mchele chini ya ngozi. Hapo bana kidogo. Afadhali kazi hii umpe baba. Mwambie kidole chake ndicho pekee kinachomtuliza mtoto. Ataamka bila kuitwa mara ya pili, na hutakuwa umemdanganya sana, maana kidole kinene hubana vizuri.

Kidole kikishindwa, mfunge mgongoni kwa leso utembee kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi. Joto la mgongo limelaza watoto wengi kuliko chupa yoyote ya kemisti. Usiku ukizidi kabisa, parasetamoli ya watoto ipo, kwa kipimo cha kilo zake ulichoelezwa kliniki, si kwa kukisia na kijiko cha chai.

Karoti nzuri za Karatina zitakushawishi. Usimpe nzima. Siku jino litakapotoka atakata kipande na kitamkaba. Mpondee ndizi au ovakado iliyopoa. Naye atajipaka hadi masikioni.

Sasa tufike kwa shosho, kwa sababu atakuja, na atakuja na kitu kwenye kikapu. Usibishane naye. Pokea kwa mikono miwili, sema asante shosho, weka kabatini juu kabisa, kisha mpe mtoto ambebe. Alichokuja kutafuta ni mtoto. Kama kilichomo ni asali, isubiri mpaka mwaka utimie, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Jeli za kutia ganzi fizi ziache dukani: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zile zenye benzokaini zisipewe walio chini ya miaka 2, kwani zinaweza kuinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni. Na dawa ya maji ya “kuotesha meno” usiiguse. Nijeria mwaka 2008, dawa iliyoitwa My Pikin ilichanganyika na daiethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo, ikaua watoto 84. Wazazi wao walitaka usingizi tu, kama wewe.

Hila moja naikataza kabisa: kulisingizia jino kila kitu. Miezi 6 ndiyo kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inapopungua, na ndiyo mikono yake inapookota kila kilicho sakafuni na kukipeleka kinywani. Homa na kuhara hufika wakati mmoja na jino, lakini jino halikuvileta. Udenda ni wa jino. Kununa na kukataa uji ni kwa sababu ya jino. Joto likipita 38, au akiharisha, au macho yakilegea, beba kijitabu cha kliniki uende, hata kama mvua inanyesha. Kusingizia huko ndiko kulikozaa “meno ya plastiki”, pale mtoto wa Afrika Mashariki mwenye homa anapochokolewa vichipukizi vya chonge kwa spoku ya baiskeli, akabaki na kidonda juu ya homa yake. Hilo linaniuma kila ninapolisikia.

Mwishowe, asubuhi moja, unamlisha uji na kijiko kinagonga kitu: ting'. Gonga tena uhakikishe. Usimpigie mtu simu, usipige picha. Shosho akija, mpe bakuli na kijiko, keti pembeni, umwache alisikie mwenyewe kwa mara ya kwanza.