Sifa za Gesti ya Kingolwira

Watu wako radhi kulipa fedha nyingi ili walale karibu na mahali pa kuchezea, na ugonjwa huo haukuanzia kwetu. Disneyland ilipofunguliwa California mwezi Julai 1955, Walt Disney alikuwa amekwishamalizia pesa zake kwenye bembea na makasri ya bandia, ikabidi ambembeleze tajiri mmoja wa televisheni, Jack Wrather, ajenge hoteli pembeni. Oktoba ya mwaka huohuo hoteli ikafunguliwa, na tangu hapo wazazi wa dunia nzima hawajaacha kuulizana: je, kitanda cha karibu na geti kinastahili bei yake?

Jibu liko Kingolwira, kilomita chache kabla hujaingia Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam. Liko kwenye gesti moja yenye bati jekundu na ukuta uliopakwa rangi mpaka pale rangi ilipoishia. Jina lake silitaji, wasije wakapandisha bei.

Hoteli za kwenye bustani za michezo huuza ukaribu. Gesti yetu imezipita, maana haiko karibu na mchezo, imo ndani yake. Mbele inapita barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, na malori ya shaba na mafuta hupunguza gia usawa wa dirisha lako kwa heshima zote. Kila lori likipita, kitanda hutikisika kidogo, glasi hugongana na jagi, na feni ambayo umeme umeikataa huzunguka nusu duara kwa mtikisiko peke yake. Kwingine burudani ya namna hii ungekatiwa tiketi na kufungwa mkanda kifuani. Hapa imo ndani ya bei ya chumba, na foleni hakuna. Kuna pia reli ya kati, ile ya Wajerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907, ambayo mabehewa yake ya mizigo hupita usiku kuhakikisha kwamba aliyezoea malori hajapitiwa na usingizi.

Zamani onyesho hili lilikuwa na mapumziko. Kwa karibu miaka 30 mabasi ya mikoani yalikatazwa kutembea usiku, kwa hiyo mgeni alipata saa chache za ukimya zisizo na faida yoyote. Mwaka 2023 serikali ikaondoa katazo hilo, na sasa honi zinalia saa 24. Kule Florida, mgeni wa hoteli za Disney hujivunia kuruhusiwa kuingia bustanini nusu saa kabla ya wengine. Nusu saa! Mgeni wa Kingolwira saa kumi alfajiri ameshaingia, yuko macho kabisa, amekaa kitandani, anahesabu mabasi ya Mbeya.

Mapokezi nayo yana adabu zake. Mhudumu hakuulizi kadi wala namba ya oda. Anakufungulia daftari kubwa lenye mistari ya rula, uandike jina, kabila, kazi, utokako na uendako, kana kwamba mtu anayelala hapo lazima awe na anakoenda. Kisha anakukabidhi ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao kizito, ili usije ukaondoka nao, pamoja na kipande cha sabuni kinachotosha viganja viwili na ndala mbili, zote za mguu wa kushoto. Unalipa kabla hujakiona chumba. Wapo wanaolalamikia utaratibu huu. Mimi nauona ni wa huruma, kwa sababu aliyekwishalipa halali na mawazo ya kuhama.

Michezo ya maji ipo. Kunduchi kule Dar wana mabomba ya kuteleza, watu wanalipa kiingilio ili walowe. Kingolwira unapewa ndoo na kopo, na mchezo wenyewe ni kujipaka sabuni mwili mzima kisha kugundua kiasi cha maji kilichobaki. Hapo ndipo akili ya mtu hupimwa. Ukitoka na taulo kiunoni unaiona milima ya Uluguru imesimama kusini, vilele vyake vikipita mita 2,600, mawingu yameilalia, mito inashuka kutoka kila bonde. Sehemu kubwa ya maji hayo huingia Mto Ruvu na kwenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo uhaba wa ndoo ya pili usiuchukulie kuwa ni uzembe wa mwenye gesti. Ni mchango wako kwa jiji.

Kuhusu wanyama, msomaji, nakuomba utulie. Juu ya dari kuna panya. Mtu asiyeijua Morogoro atashtuka, lakini huu si mji wa kumdharau panya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na viripuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu ambayo hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Ni binadamu wangapi waliotoka Morogoro wakarudi na medali ya namna hiyo? Basi usiku ukisikia nyayo juu ya kichwa chako, usimwamshe mhudumu. Panya wa darini si buku, ni panya wa kawaida tu asiye na cheti, lakini juhudi anayo, na begi lenye maandazi atalikagua kwa kina.

Mbu siwasifii. Hata sifa zina mipaka. Nasema tu kwamba chandarua kipo, na matundu yake yamewekwa mahali ambapo mbu mwenyewe inabidi ayatafute.

Najua kuna atakayeniuliza habari za Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na ndani yake kuna malazi ya kifahari ambayo bei zake hutajwa kwa sauti ya chini. Ukilala humo unalipa kitanda, tena unalipa kiingilio cha hifadhi, na kiingilio hicho huhesabiwa kwa saa 24, yaani hata ukikoroma unatozwa. Nakiri, tembo akija kunywa maji jioni mbele ya baraza nawe umeshika kikombe cha chai, hilo gesti yetu haina la kulijibu. Mbele ya baraza yetu huja mbuzi wa jirani. Lakini barabara ya Iringa inakatiza hifadhi ile kwa kilomita 50 hivi. Aliyeamka Kingolwira akapandia basi stendi ya Msamvu, Morogoro mjini, atawaona twiga, pundamilia na, siku ya bahati, tembo haohao, kwa nauli ya kawaida. Matuta na faini ya kumgonga mnyama humlazimisha dereva kwenda polepole utadhani naye ameajiriwa kutembeza watalii.

Hapo ndipo penye hesabu ya kweli, na naomba niiseme bila mzaha. Kitanda cha karibu na geti kina maana pale tu ambapo asubuhi kinakuokolea muda wa kuona ulichokifuata. Mwenye siku moja Mikumi na watoto wadogo, alale hukohuko, swala huonekana vizuri kabla jua halijawa kali. Lakini nimeona familia za Dar zikilipia malazi ya ndani, zinaamka saa tatu, zinakula mayai hadi saa nne, kisha zinauliza simba wako wapi. Hao wamenunua ukuta wa gharama. Wangelala Kingolwira, malori yangewaamsha.

Kuna msimu mmoja ambao gesti yetu nayo huwa hoteli ya bustani ya michezo kwelikweli. Ni wiki ya Nane Nane, wakulima na wafugaji wa Pwani, Dar es Salaam, Tanga na Morogoro wanapokutana kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere. Watoto wanataka kuona sungura na samaki wa kwenye mabwawa, wakubwa wanataka kuona matrekta na nyama choma. Vyumba vinajaa, na bei inapanda usiku mmoja, chumba kikiwa kilekile, ndala zilezile. Ukimuuliza mhudumu kilichoongezeka, anajibu, "Watu, bosi." Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya biashara ya hoteli za bustanini, iwe California au Kingolwira.

Wabahili wataniambia kwamba malazi ya bure kabisa yapo papo hapo Kingolwira, chakula na ulinzi juu. Ni kweli, gereza lipo na ni maarufu. Tatizo lake ni kwamba siku ya kuondoka huchagui wewe.

Hukumu yangu ni hii: nje ya Nane Nane, gesti ya Kingolwira inastahili kila shilingi, kwa sababu shilingi zenyewe ni chache na usiku ni mrefu. Wiki ya Nane Nane, panda treni ya SGR asubuhi, ambayo tangu 2024 inatoka Dar hadi Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi, uone sungura, urudi ukalale kwako. Ukishindwa kabisa, omba chumba cha nyuma, jaza ndoo kabla ya saa mbili usiku, na maandazi yako yatundike ukutani.