Sindano ni Mama Mkwe: Adabu kwa Wanaoshona Watu

Ukitaka kudumu kwenye kazi ya kushona watu, ikubali sindano kuwa mama mkwe wako. Sehemu nyingi za bara letu mkwe hashikwi mkono hovyo, hapigwi kikumbo mlangoni, na jambo zito halimfikii ila kwa kinywa cha mshenga. Akiingia, nyumba nzima inajua ameingia. Akiondoka, anasindikizwa mpaka garini. Aliyezishika adabu hizo hulala usingizi, na aliyezipuuza hupata habari zake.

Nawaandikia intani, maafisa tabibu wanaoshona majeruhi wa bodaboda usiku kucha, na wauguzi wa thieta. Nawaandikia pia, kwa heshima zote, mabingwa waliosahau.

Adabu ya kwanza: mkono wako usimguse. Yuko mshenga, kishika sindano, kile chuma chenye pete mbili za vidole, meno ya kufungia na mdomo mfupi wenye mikwaruzo. Mayo-Hegar ndiye mzee wa mtaa, anauma na kujifunga bila maneno. Olsen-Hegar ana makali ya mkasi nyuma ya mdomo, anashona na kukata peke yake, na asiyemzoea hujikuta amekata uzi aliokuwa bado anaufunga. Gillies ana jina la Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand aliyejenga upya nyuso za askari huko Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huyu ana mkasi lakini hana meno ya kufungia, kwa hiyo ukilegeza kiganja tu sindano imeondoka. Castroviejo ni wa kazi ndogo kama za macho, hubanwa kwa ncha za vidole, na huweza kubeba sindano yenye uzi wa 10-0, mwembamba kuliko unywele wako. (Usidanganywe na hesabu ya nyuzi: sifuri zikiongezeka, uzi unapungua. Aliyeomba 5-0 ya uso akaletewa 2-0 hakuletewa zawadi.)

Mshenga amshike mkwe wapi? Si kwenye ncha, utaua makali. Si mkiani, maana kwa sindano nyingi za siku hizi uzi umebanwa ndani ya chuma chenyewe, na chuma hapo ni dhaifu, kinapinda. Ukitoka kwenye ncha, pita katikati, simama kwenye theluthi mbili. Shika hapo kwa ncha ya mdomo wa kishikio, sindano ikae mkingamo. Sikiliza meno yakifunga: tak moja, au mbili, imetosha. Anayekaza hadi tak ya mwisho anaibonyeza sindano, na kesho atalalamika kwamba kishikio cha hospitali kimelegea, wakati aliyekilegeza ni yeye.

Sasa ingia. Ncha iitazame ngozi wima kabisa, kisha zungusha kifundo cha mkono. Sindano imepinda, nayo inataka njia iliyopinda. Mgeni kazini hapa huisukuma moja kwa moja kwa nguvu za bega, ngozi inakunjamana, sindano inapinda, mgonjwa anafumbua jicho kuuliza kama ganzi imeisha. Jizoeze nyumbani kwa mguu wa mbuzi, ngozi ya kuku au ganda la ndizi. Ganda la ndizi halina huruma, na ndiyo sababu nalipenda: likichanika ujue ulivuta badala ya kuzungusha. Chana maganda hata kwa wiki nzima, hakuna atakayekulilia. Wala usione haya kujifunza hivyo: mwaka 1894 Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu mjini Lyon, akafa kwa mshipa mkubwa wa damu ambao madaktari wa siku zile hawakuweza kuushona. Kijana Alexis Carrel, aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, hakuona haya kujifunza mishono kwa fundi wa tarizi, Madame Leroudier. Akabuni namna ya kuunga mishipa ya damu, na mwaka 1912 akapewa tuzo ya Nobel. Kama Carrel alikaa chini ya fundi wa tarizi, na wewe unaweza kukaa chini ya muuguzi mwenye miaka ishirini thietani anapokwambia mkono wako umekaa vibaya.

Ncha ikitokea upande wa pili, vidole vitawasha kuipokea. Vizuie. Hapa ndipo wengi wanapochomwa, na mara nyingi ni mkono wa kushoto, ule usioshona, uliokwenda kupapasa ncha iko wapi ndani ya nyama. Ncha itafutwe kwa macho, na ikipatikana ipokelewe kwa kibano au kwa kishikio hichohicho. Usiishike ncha kabisa: shika shingo nyuma yake, zungusha, itoke kwa mpindo ule ule ilioingia nao.

Kabla ya kufunga fundo, mkwe akalishwe. Ukifunga fundo huku sindano inaning'inia kwenye uzi, kila mkono unaopita hapo uko hatarini, wako na wa msaidizi. Igeuze ncha yake ilale ndani ya mdomo wa kishikio, au ikate kabisa uirudishe. Ndipo ufunge: pindo la kwanza huku, la pili kinyume chake, fundo likae bapa. Ukirudia upande uleule utapata fundo la kuteleza, na nailoni haihitaji sababu kubwa ya kuteleza. Kingo za kidonda zigusane tu. Anayekaza mpaka ngozi inakuwa nyeupe anainyima damu, na ngozi iliyonyimwa damu haiungi, inaoza.

Mkwe hapitishwi mkono kwa mkono. Kuna bwana mkubwa ambaye wauguzi wote wanamjua, yule anayenyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, kisha anarudisha sindano vilevile, ncha mbele, kichwa chake kikiwa ndani ya tumbo la mgonjwa. Anapenda kuitwa mwepesi. Dawa yake ni bakuli la chuma lililowekwa katikati ya meza. Muuguzi anaweka, anasema kwa sauti "Sindano!", anaondoa mkono, daktari ndipo achukue. Kurudisha ni vilevile. Mikono miwili isikutane bakulini. Inachukua sekunde mbili, na hakuna upasuaji wa uzazi uliowahi kuharibika kwa sekunde hizo.

Vaa glovu mbili. Najua vidole vinahisi uzito siku za mwanzo, lakini vinazoea. Na unapofunga utando mgumu wa ukuta wa tumbo, ulizia sindano butu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2011 yaliona kuwa sindano butu zinapunguza kutoboka kwa glovu kwa asilimia 54. Hospitali inayonunua pazia jipya la ofisi ya mkurugenzi inaweza kununua na hizo.

Sasa kuhesabu. Sindano zinahesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na kabla ya ngozi. Wanahesabu wawili, kwa sauti, wote wakiziangalia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, na kabla mgonjwa hajatoka thietani muuguzi anatakiwa atamke kwamba hesabu ya vifaa, vitambaa na sindano imekamilika. Orodha hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa Tanzania. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hiyo ni orodha ya ukurasa mmoja inayosomwa kwa sauti. Kwa hiyo mtu akikwambia kuhesabu kunachelewesha, mwambie Ifakara walihesabu, tena si jana.

Hesabu isipotimia, kazi inasimama. Muuguzi akisema "imepungua moja", jibu la adabu si "itapatikana tu, funga". Kagua kidonda kwanza, kisha mikunjo ya shuka, mkono wa gauni, soli za viatu, chini ya meza, ndoo ya vitambaa. Kama sumaku ipo, ipitishwe sakafuni. Ikikosekana kabisa, piga eksirei mgonjwa akiwa bado mezani, ukijua kwamba sindano ndogo isiyofika milimita 10 inaweza isionekane pichani. Kwa hiyo aliyehesabu mapema kaiokoa timu nzima, na kama ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyethubutu kumkatiza bingwa, ashukuriwe mbele ya watu.

Na mkwe asindikizwe. Aliyeshona ndiye anayeiweka sindano kwenye boksi la usalama, lile la njano. Usiichomeke kwenye godoro "kwa muda", usiiviringishe ndani ya karatasi ya glovu, wala usiiache kwenye shuka ukitarajia mtu wa kufua ana macho ya tai. Boksi likifika robo tatu, lifungwe, lingine lifunguliwe. Anayeshindilia sindano kwa kidole ili zienee ameamua kwamba kidole chake ni cha bei rahisi kuliko boksi la makaratasi.

Hili la kusindikiza linanigusa kuliko yote. Daktari aliyechomwa anajua kachomwa na nini, anajua mgonjwa ni nani, na anao wenzake wa kumpa dawa usiku huohuo. Mama anayefagia thieta alfajiri anabeba mfuko mweusi begani, kitu kinamchoma pajani kupitia kitenge, na hajui ni cha nani, cha lini, wala amuulize nani. Pengine hasemi kabisa, kwa kuogopa kuambiwa hana uangalifu. Asiye na uangalifu ni yule aliyeiacha. Kama idara yako haijamkalisha huyo mama ikamwonyesha aende wapi akichomwa, na kama hajachanjwa dozi zake tatu za homa ya ini B, adabu zote nilizotaja juu ni za upande mmoja wa nyumba.

Siku ukichomwa, acha ulichoshika. Vua glovu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimwagie jiki. Sindano ya kushonea haina tundu, inabeba damu kidogo kuliko ya kuchomea dawa, lakini kidogo si sifuri. Kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI kuna hatari ya takriban asilimia 0.3, na kwa homa ya ini B, kama hujachanjwa, inaweza kufika asilimia 30. Dawa za PEP, za kukinga virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa, zinaanzwa haraka, ndani ya saa chache ikiwezekana na kamwe si baada ya saa 72, halafu zinamezwa siku 28. Usisubiri majibu ya mgonjwa ndipo uanze: anza, na akipimwa akaonekana hana maambukizi utaambiwa uache. Andika kwenye daftari la ajali saa, aina ya sindano na ulikuwa ukifanya nini. Na kabla hujatoka mlangoni, mwite wa kushika nafasi yako mezani, maana mgonjwa bado yuko wazi.