Barua ya wazi: tunaomba jetoni ya kuibiwa

Kwa Wakubwa wa Usalama wa Mji wa Goma, wa jana waliokimbia na wa leo waliopo

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote, tukiwa wazima kwa kiasi tulichoachiwa. Pokeeni pongezi zetu kwa matangazo yenu ya asubuhi. Kila tukizika, mnatueleza kwamba waliofanya hivyo ni watu wenye silaha wasiojulikana, na kwamba uchunguzi umeanza. Siku ukimalizika mtualike, tutachinja mbuzi, kama atakuwa bado hajaibiwa.

Hatuombi usalama. Tunajua mna kazi nyingi. Tunaomba jetoni.

Mama wa soko la Virunga hajamaliza kupanga nyanya zake, mtoza kodi ameshafika. Akilipa, anapewa jetoni. Akija mtoza kodi wa pili, anamwonyesha, naye anapita. Sisi wa Katoyi, Ndosho na Mugunga tunaibiwa saa mbili usiku, na saa tano kundi lingine linavunja mlango uleule na kukataa kuamini kwamba hakuna kilichobaki. Tunapigwa kwa kosa la kuibiwa mapema.

Basi kila mwizi mwenye bunduki apewe kitabu cha jetoni chenye mhuri. Akishachukua simu, dola na sufuria ya maharage, ajaze tarehe, avenyu na idadi ya risasi alizopiga hewani. Kila siku iwe na rangi yake, ili jetoni ya Jumatatu isitumike Jumanne, maana sisi raia tunajulikana kwa udanganyifu. Sehemu ya sare aliyovaa iachiwe nafasi pana, kwani tumekwisha kuona za kila aina. Wenye uwezo wauziwe kadi ya mwezi. Nakala ibaki kwa chefu wa nyumba kumi, ambaye tunapopiga filimbi na masufuria, naye yuko chini ya kitanda kama sisi.

Maombi mengine ni madogo. Watuachie laini za simu. Waseme wanachotaka kabla ya kufyatua. Na waache kutuita kwa majina mlangoni; tunaanza kuwashuku majirani.

Mtauliza chanzo ni nini. Mnakijua. Mei 2021 tuliwekwa chini ya utawala wa wanajeshi ili tulale usingizi. Bunduki zikagawiwa wapiganaji wa kujitolea waitwao Wazalendo, bila mshahara. Mlimpa mtu silaha, mkamnyima chakula, kisha mkashangaa anakuja kula kwetu. Mwaka 2024 mlizindua operesheni ya Safisha Muji wa Goma, mkawaanika watuhumiwa hadharani, tukapiga makofi. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, wakubwa wakapanda boti usiku, askari wakatupa silaha na sare barabarani, gereza la Munzenze likafunguka na maelfu wakatoka. Nani aliziokota bunduki zile? Wakaja wakubwa wapya, wakatangaza kwamba usalama umerudi. Benki zikafunga milango, kila mwenye akiba akailaza chini ya godoro, na kila mwenye bunduki akajua ilipo. Leo baba anauawa mbele ya watoto wake kwa ajili ya simu yenye kioo kilichopasuka, na Jumamosi mnatupeleka kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, tukafagie damu yake. Hamna hata haya? Mnapowahesabu maadui zenu, mmewahi kutuhesabu sisi?

Mtuwie radhi. Kalamu iliteleza, na mwandishi hajalala vizuri.

Kuhusu gharama, msiwe na wasiwasi: jetoni tutazichapisha kwa mchango wetu, kama tunavyochangia kila kitu katika mji huu, pamoja na majeneza. Tunachohitaji kwenu ni mhuri tu, na huo hatujawahi kuona mkiukosa.

Majibu yaletwe mchana, tafadhali. Usiku hatufungui, hata mkijitambulisha. Mkijitambulisha, ndiyo kabisa hatufungui.

Wenu watiifu,
Raia wa Goma